Jinsi ya kuanzisha kundi la waandishi Wakristo ambalo watu wanaandika kweli na wanasomana

Magrupu ya WhatsApp yanayojiita ya waandishi Wakristo yamejaa kila kona, ila ukiingia unakuta picha ya maua imeandikwa asubuhi njema wapendwa, chini yake ahadi ya leo, tangazo la mkesha, namba ya harambee ya mabati, halafu makala ndefu ambayo imefowadiwa mpaka mwenyewe hajulikani. Mtu akituma alichoandika kwa mkono wake anapata Amen kumi na mbili na emoji za mikono, basi. Mwezi wa pili hatumi tena, na hapo watu wanasema hana mzigo wa kuandika. Mimi sikubaliani. Mzigo anao, alichokosa ni mtu wa kumsoma vizuri mpaka mwisho na kumwambia hapa nimekuelewa, hapa nimepotea. Mwongozo huu wote umekaa juu ya jambo hilo, kwamba kwanza unatengeneza wasomaji, waandishi wanafuata.

Na hata sio kitu kigeni kwetu. Mwaka 1888 huko Zanzibar UMCA, misheni ya Kianglikana, ilianzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, likitoka shule ya Kiungani, na walimu waliosomea pale wakatawanywa kwenye vituo kama Magila na Masasi walikuwa wanatuma habari za huko waliko, wenzao wanasoma. Hakuna intaneti, barua inasafiri kwa miguu na kwa meli, na watu waliandikiana. Sisi tuna simu mkononi halafu tunafowadi maua.

Hatua ya kwanza: tafuta watu wachache, na wengine wasiwe waandishi

Usitangaze kanisani mbele ya watu wote, utapata mia na hamsini na kati yao mia na arobaini wamekuja kuangalia. Nenda kwa mtu mmoja mmoja. Watano mpaka wanane wanatosha kabisa kuanza. Angalia yule katibu wa jumuiya ambaye taarifa zake huwa zinaeleweka, yule kijana wa UKWATA au CASFETA (vyama vya wanafunzi Wakristo) anayeandika status ndefu, mwalimu mstaafu, mama ambaye kila ukimkuta ana kitabu. Wawili kati yao wawe wasomaji tu, watu ambao hawana mpango wa kuandika chochote, maana mwandishi akisoma kazi ya mwenzake kichwani anafikiria atakavyoandika ya kwake, lakini msomaji wa kawaida atakwambia ukweli kwamba alichoka kwenye aya ya pili akaenda kupika.

Kama mnatoka madhehebu tofauti (na mimi naona ni vizuri zaidi, Mlutheri, Mkatoliki, Msabato na mlokole wakikaa pamoja kila mtu anaacha kudhani msomaji anajua lugha ya kanisa lake) basi siku ya kwanza kabisa kubalianeni kwamba ubatizo, siku ya kuabudu, Mama Maria na kunena kwa lugha havijadiliwi humo. Mtu ana uhuru wa kuandika anachoamini, ila asiandike dhidi ya kanisa la mwenzake. Bila hilo, wiki ya tatu mnageuka uwanja wa mdahalo na waoga wanaondoka kimya kimya.

Mchungaji au padri mwambieni mapema. Sio kuomba ruhusa ya kila sentensi, ila asije akasikia kwa watu wengine kwamba kuna kikundi kinaandika mambo ya kanisa. Mkienda nendeni na mzee wa kanisa mmoja anayewaelewa, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Hatua ya pili: mwezi wa kwanza someni tu

Najua hii inawakera watu waliokuja na moto wa kuandika. Vumilieni. Paulo yuko gerezani, baridi inakuja, anamwandikia Timotheo amletee lile joho na vile vitabu, hasa vile vya ngozi, iko kwenye 2 Timotheo 4:13. Mtume mwenye mafunuo yote yale bado anataka vitabu, sasa wewe nani useme hupendi kusoma ila una kitabu moyoni.

Anzeni na kitu kifupi ambacho wote mnacho, yaani Biblia, ila msome kama waandishi. Chukueni Luka 15, mwana mpotevu. Mmoja asome kwa sauti kwenye Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi tumekulia nayo, mwingine asome hiyohiyo kwenye Biblia ya Habari Njema, ile ya Kiswahili chepesi. Halafu ongeeni: wapi sentensi imekuwa fupi, neno gani limebadilishwa, ipi inakaa vizuri mdomoni, ipi bibi yako angeelewa haraka. Mtashangaa mnamaliza saa nzima kwenye mistari ishirini. Baada ya hapo kila mtu anasimulia kisa kilekile kwa maneno mia tatu, kikitokea mtaani kwake, bila kutumia neno mpotevu wala neno toba. Zoezi hili linafundisha mambo mengi kuliko semina, maana mtu akinyimwa maneno ya kanisani inabidi aonyeshe kijana anatembeaje kurudi nyumbani na baba alikuwa amesimama wapi.

Vitabu vipo kuliko tunavyosema. Maduka ya Soma Biblia, Chama cha Biblia, Paulines wa Nairobi, Central Tanganyika Press ya Dodoma, maktaba ya mkoa kwa wenye maktaba karibu, na kabati la vitabu ofisini kwa mchungaji ambalo hakuna mtu amewahi kuomba kuazima. Nunueni nakala moja au mbili kwa kuchanga, mzungushe, na mtu mmoja aandike kwenye daftari nani anacho, la sivyo kitabu kinaishia kwa shemeji wa mtu huko Tunduma. Msisome vya dini peke yake. Mtu anayetaka Kiswahili kizuri amsome Shaaban Robert, na mwenye kupenda mashairi amtafute Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma, Mkristo aliyeiweka Injili kwenye utenzi na ndiye aliyeipa nguvu ngonjera. Walimu wa Sunday school mnaotafuta kitu cha watoto kila Krismasi, ngonjera ipo hapohapo, andikeni yenu muache kudauniload.

Na pdf za wizi zinazozunguka kwenye magrupu, kwa kweli kundi la waandishi likizisambaza linajikata mguu lenyewe. Leo unasambaza cha mwenzako, kesho chako.

Hatua ya tatu: andikeni vitu vifupi, na viwe na vitu ndani yake

Mpango unaofanya kazi ni huu: kila baada ya wiki mbili kila mwandishi anatoa kipande kimoja cha maneno mia nne mpaka mia sita. Kwa nini kifupi hivyo? Kwanza kinaandikika kwenye simu, kwenye daladala au foleni ya benki. Pili wenzako watakisoma chote. Kitabu cha kurasa mia mbili kiache kwanza, watu wengi wanaanza na kitabu, wanafika ukurasa wa tisa, wanakaa nacho miaka. Kama kuandika kwa vidole kunakuchosha, kibodi ya Google inapokea Kiswahili kwa sauti, ongea, halafu kaa urekebishe, maana nukta na koma itakuachia wewe.

Shida kubwa ya maandishi yetu Wakristo, naomba niseme wazi, ni kwamba yanaelea. Mtu anaandika: nilipitia kipindi kigumu sana, nikamlilia Mungu, naye akanivusha kwa namna ya ajabu, Mungu wetu ni mwema. Yote kweli, lakini msomaji hajaona kitu. Kipindi gani? Ugumu gani? Alivusha vipi? Sasa mtu huyohuyo akiandika kwamba ilikuwa Januari, ada ya mtoto haijalipwa, kwenye simu kuna elfu nane, mwenye nyumba ameshagonga mara mbili, nikazima taa mapema ili ajue tumelala, halafu jirani ambaye hatukuwa tunasalimiana akaja na debe la mahindi, hapo hata asiyeamini anaendelea kusoma. Hujahitaji kusema Mungu ni mwema, msomaji ameshafika mwenyewe. Kwa hiyo kwenye kundi lenu wekeni utaratibu kwamba kila kipande kiwe na mahali, na wakati, na angalau kitu kimoja cha kushikika. Luka mwenyewe anavyoanza Injili yake, ile 1:1-4, anamwambia Theofilo kwamba amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo ndipo akaona vema kuandika kwa taratibu. Alichunguza kwanza. Alikuwa mtu wa Roho na bado alichunguza.

Tofauti nyingine ambayo wahubiri inawasumbua: mahubiri yanabebwa na sauti, na macho, na kiti ulichokipiga teke kidogo. Kwenye maandishi hayo yote hayapo. Ukirudia sentensi mara tatu madhabahuni watu wanasema hallelujah, ukirudia kwenye maandishi watu wanaruka. Andika kama unamwandikia mtu mmoja unayemjua kwa jina.

Mkikosa cha kuandika, kuna hazina moja imelala na hakuna anayeigusa, nayo ni historia ya usharika wenu. Nani alitoa kiwanja? Ibada ya kwanza ilikuwa chini ya mti gani, au darasa gani la shule? Kengele ilitoka wapi? Kwaya ilianza na watu wangapi, na kwa nini ile ya kwanza ilivunjika (hapa utapata stori)? Wazee wanaojua haya wana miaka themanini na kitu, na wakiondoka wanaondoka nayo. Namna ya kufanya ni hivi: nendeni wawili, mmoja anauliza mwingine anarekodi kwa simu, ombeni ruhusa ya kurekodi, mpeleke sukari na sabuni kama heshima, msiulize tarehe kwanza maana tarehe zinamchanganya mzee, muulize nani alikuwepo, mvua ilikuwa inanyesha au ilikuwa njaa, alikuwa ameshaoa au bado. Tarehe mtazitafuta wenyewe baadaye kwenye daftari la ubatizo na vitabu vya ndoa, kwa ruhusa ya ofisi. Mkirudi nyumbani sikilizeni na mwandike yote siku hiyohiyo au kesho yake, msiseme tutaandika baadaye. Wazee wawili wakitofautiana andikeni wote wawili walivyosema. Kazi hii kundi la watu sita linaweza kuimaliza kwa miezi michache, na ndiyo itakayofanya kanisa zima liwaone kuwa mna maana, kuliko tafakari mia.

Hatua ya nne: kusomana, hapa ndipo makundi yanakufa au yanapona

Amen sio maoni. Barikiwa mtumishi sio maoni. Ni adabu nzuri, sema, lakini baada ya kusema jibu maswali matatu: sehemu gani imebaki kichwani mwako, wapi ulipotea au ulichoka, na ungetaka kujua nini zaidi. Kila msomaji anajibu hayo tu, hakuna kuandika upya kazi ya mwenzako, hakuna kusema mimi ningeanza na Mwanzo sura ya kwanza. Makosa ya herufi mtumie faragha. Yaliyomo yasemwe mbele ya wote ili wengine wajifunze. Na mwenye kazi anakaa kimya mpaka wote wamalize, hii ni ngumu lakini ni lazima, la sivyo jioni nzima inaishia kwenye kujitetea.

Kipande kisomwe kwa sauti, mkikutana ana kwa ana asome mtu mwingine sio aliyeandika. Msomaji akijikwaa kwenye sentensi, sentensi hiyo ina tatizo, hata kubishana hamna haja. Mkiwa mbali rekodini voice note, ziwe fupi.

Sasa kuna wale wa "Roho amenipa hivi, siwezi kubadilisha". Msigombane nao. Wapelekeni Yeremia 36. Baruku aliandika maneno yote kutoka kinywani mwa Yeremia, mfalme Yehoyakimu akalikata lile gombo kwa kijembe vipande vipande na kulitupa motoni, na Baruku akaandika tena gombo lingine, na mstari wa 32 unasema yakaongezwa maneno mengine mengi kama yale. Toleo la pili likawa refu kuliko la kwanza na bado ni neno la Bwana. Na Warumi 16:22 kuna Tertio, aliyeuandika waraka, anasalimia kabisa kwa jina lake. Mikono ya watu wengine ilikuwepo tangu zamani.

Jambo la umri nalo liangaliwe. Kijana hawezi kumwambia mzee wa kanisa umeandika vibaya, na akilazimishwa atasema nzuri sana baba halafu basi. Mpeni njia ya kusema: "Shikamoo baba. Nimesoma, ile sehemu ya safari ya Tabora imenigusa sana. Ila aya ya tatu hapo kwa mjomba nimechanganyikiwa kidogo, ni yuleyule wa mwanzo au ni mwingine?" Swali linafanya kazi yote na heshima inabaki. Wazee nao wakianza kuuliza vijana hivyohivyo, kundi limetulia.

Hatua ya tano: kabla hujarusha hewani

Ushuhuda wa mtu mwingine sio mali yako. Dada aliyesimama mbele ya kanisa akasema alivyopona au alivyoachwa na mumewe alisema kwa watu wa pale, hajakupa ruhusa ya kuuweka mahali ambapo bosi wake atausoma. Muulize, mwonyeshe ulichoandika, akisema toa jina toa na mtaa pia, maana jina likitoka mtaa ukabaki wote wanamjua. Habari za ugonjwa, HIV, kesi za ndoa na watoto ndio zaidi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, lakini hata bila sheria ni utu tu.

Ukinukuu Biblia sema ni toleo gani. Mistari michache kwenye makala haina neno, ila ukitoa kitabu chenye kurasa na kurasa za Maandiko waandikie Chama cha Biblia kwanza, maana matoleo haya yana wenyewe. Wimbo wa mtu vilevile. Kazi yako wewe ina hakimiliki tangu ulipoiandika, na kwa Tanzania unaweza kuisajili COSOTA, Kenya ni KECOBO, ndizo ofisi za hakimiliki.

Hatua ya sita: blogu moja ya wote, na karatasi

Msifungue blogu nane. Moja, ya kundi, kila mtu anawekwa kwa jina lake. WordPress na Blogger zote zina huduma ya bure na inatosha. Imeli ya kufungulia iwe ya kundi na nywila wawe nayo watu wawili, kwa sababu blogu nyingi za vikundi hupotea siku admini anapooa, anapohama au anapobadilisha simu. Nakala za maandishi yote ziwekwe na mahali pengine.

Waliopo Tanzania, kabla hamjaanza pitieni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipotoka, maombi na leseni na ada ya mwaka ilikuwa inafika milioni mbili na laki moja, wanablogu wengi wakafunga. Kanuni zilikuja upya 2020 na zikarekebishwa tena 2022, kwa hiyo msiishi kwa habari za kusikia, ulizeni nyie mnaangukia wapi, maana anayetoa habari na matukio haangaliwi sawa na anayeweka tafakari na hadithi.

Ratiba iwe ya kuwezekana, posti moja kwa wiki, siku ileile. Kichwa kiseme kitu: "Kengele ya Usharika wetu ilitoka wapi" kinasomwa, "Uaminifu wa Mungu sehemu ya 7" hakisomwi. Aya fupi kwa sababu ya skrini. Na kumbuka bando: watu hawabonyezi linki, kwa hiyo bandika aya mbili tatu za mwanzo hapohapo kwenye WhatsApp ndipo uweke linki, wengine wekeni makala nzima, lengo ni kusomwa.

Halafu msisahau karatasi, nusu ya kanisa haimo mtandaoni. Ubao wa matangazo unatosha kwa gazeti la ukutani, shiti mbili tatu zilizochapwa kwa herufi kubwa, zinabadilishwa kila mwezi. Baada ya mwaka chagueni vipande bora mtoe kijitabu cha A5. Hesabu yake ni rahisi: shiti moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, shiti nne ni kurasa kumi na sita, jalada juu, stepuli mbili kwenye mkunjo. Hiyo inafanyika steshenari yoyote. Mkitaka kuuza madukani ombeni ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya ni maktaba ya taifa. Chapeni chache, ziishe, mchape tena. Na hela ya mauzo iandikwe kwenye daftari wanaloliona wote, tangu kopi ya kwanza.

Uongozi zungusheni kila miezi mitatu. Mtu akikosa vipande viwili apigiwe simu, asisemwe kwenye grupu, mara nyingi ni mgonjwa au amefiwa au bando limekata.

Basi, kama unaanza wiki hii, huu hapa ujumbe, ukopi ubadilishe majina utume kwa mtu mmoja mmoja:

"Bwana asifiwe dada. Habari za nyumbani? Kuna kitu nakiandaa nikakuwaza wewe. Tunataka watu sita hivi tuwe tunakutana Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, mazoezi ya kwaya yakiisha, saa kumi, tunasoma pamoja na baadaye tunaandika vipande vifupi. Hakuna kiingilio na hakuna hotuba. Kwa kuanzia soma Luka 15 kwenye Biblia yako ya kawaida, na kama una jirani mwenye Habari Njema uazime uje nayo. Usipopenda kuandika njoo usome tu, wasomaji ndio tunaowahitaji zaidi. Nijibu hata kesho."